Anaunga Mkono Sheria ya Tumbaku, na Bado Anavuta: Uchambuzi wa Kisa cha Fundi wa Kamukunji

Kisa hiki ni cha mfano. Mhusika wake ameundwa kutokana na hali zinazojirudia kwa wavutaji wa kipato cha kila siku jijini Nairobi, ili nadharia za tabia ya afya zipate mtu wa kupimwa kwake. Tutamwita fundi.

Fundi ana miaka 34. Anachomelea milango na grili za madirisha katika vibanda vya jua kali vya Kamukunji, na jioni hupanda matatu kurudi Kariobangi kwa mkewe na watoto wawili. Alianza kuvuta akiwa na miaka 17, wakati huo akiwa mwanagenzi chini ya fundi mwingine. Siku hizi huvuta vijiti 14 hivi kwa siku na hajawahi kununua pakiti nzima. Hununua kimoja kimoja kwenye kioski kilicho hatua chache kutoka kwenye mashine yake. Mama mwenye kioski huchomoa kijiti katika pakiti iliyokwisha kufunguliwa, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi kwenye nguzo. Tukichukua bei ya shilingi 15 kwa kijiti, ambayo ndiyo tutakayoitumia katika hesabu zetu zote, anatumia shilingi 210 kwa siku, au 6,300 kwa mwezi wa siku 30.

Amejaribu kuacha mara tatu. Jaribio refu zaidi lilidumu siku 11, alipougua homa ya mapafu. Alirudia sigara Jumamosi moja ya malipo, akiwa amekaa na wenzake wakitafuna muguka, majani ya kusisimua ya jamii ya miraa.

Sasa linakuja jambo linalofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa. Fundi anaulizwa maswali manne kuhusu sera. Je, anaunga mkono marufuku ya kuvuta ndani ya matatu, ofisi na mikahawa? Ndiyo, bila kusita. Yeye mwenyewe havuti ndani ya nyumba yake. Picha za kutisha kwenye pakiti? Ndiyo, zibaki. Kodi ya sigara ipandishwe? Hapana, ila anaongeza kwamba kama fedha hizo zingelipia dawa ya kuacha, angefikiria tena. Na uuzaji wa kijiti kimoja kimoja ukomeshwe kabisa? Hapana, tena kwa ukali.

Si mtu wa ajabu. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima nchini Kenya wa 2014 ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima wakitumia tumbaku ya aina moja au nyingine: wanaume asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5. Wengi wa wavutaji walikuwa wakifikiria au kupanga kuacha. Kwa hiyo kukutana na mvutaji asiyependa uvutaji wake mwenyewe ni jambo la kawaida sana, na mtu anayepanga kampeni akidhani kwamba wavutaji wote wanapinga sheria ameanza vibaya.

Imani zake juu ya madhara

Modeli ya Imani ya Afya ilianza miaka ya 1950 nchini Marekani. Wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma, akiwamo Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walitaka kujua kwa nini watu hawakwenda kupigwa eksirei ya kifua kikuu hata pale huduma ilipopelekwa karibu yao. Jibu lao lilikuwa kwamba mtu hupima mambo kadhaa: je, ugonjwa unaweza kunipata mimi? Je, ni mzito? Nikichukua hatua nitafaidi nini, na nitazuiwa na nini? Kisha panahitajika kichocheo cha kumsukuma aanze.

Ukimpima fundi kwa modeli hii, uzito wa ugonjwa anaujua. Atakutajia saratani ya mapafu na ya koo bila kuulizwa mara mbili. Kinachokosekana ni kujiona yeye mwenyewe yumo hatarini, na sababu yake inatokana na kazi yake. Kikohozi chake cha asubuhi anakilaumu moshi wa kuchomelea. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa: mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na kuchomelea mabati yenye zinki huleta homa ambayo mafundi wanaifahamu vyema. Akishapata mshtakiwa mwingine, sigara huachiliwa huru. Juu ya hapo kuna maziwa. Mafundi wengi wa kuchomelea na wa kupaka rangi huamini kwamba pakiti ya maziwa jioni husafisha kifua. Maziwa hayafiki kwenye mapafu; yanakwenda tumboni. Lakini kwa lugha ya modeli, maziwa yanampa fundi hatua rahisi anayoiona inatosha, na hatua ngumu ya kuacha sigara inapoteza umuhimu.

Mshauri anayeanza na orodha ya magonjwa hapa anapoteza muda. Ujumbe unaogusa ni huu: moshi wa kazi na moshi wa sigara huingia katika mapafu yaleyale, madhara ya mmoja huongezwa juu ya mwingine, na kati ya hiyo miwili, mmoja anaweza kuuondoa bila kuacha kazi.

Sasa tuangalie kichocheo. Kenya ilianza kuweka maonyo ya picha kwenye pakiti mwaka 2016, chini ya Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014, na Mahakama ya Juu ilizithibitisha kanuni hizo Novemba 2019 baada ya kesi ndefu iliyofunguliwa na kampuni ya sigara ya BAT Kenya. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini fundi hanunui pakiti. Kijiti kinatoka mkononi mwa muuzaji kikiwa kitupu, bila picha wala neno. Anayeiona picha ya mapafu yaliyooza mara kumi kwa siku ni mama wa kioski. Hii ndiyo sababu fundi anaunga mkono picha kwa urahisi: hazimgusi. Na hata angeziona, mtafiti wa mawasiliano Kim Witte alieleza mwaka 1992 kwamba tishio kubwa likikutana na mtu asiyeamini kwamba anaweza kufanya lolote, mtu huyo hujikinga na hofu yenyewe badala ya kujikinga na hatari. Hugeuza pakiti, hucheka, husema kila mtu atakufa siku yake. Picha inahitaji kufuatana na njia ya kutokea.

Nia anayo, uwezo hana

Nadharia ya Tabia Iliyopangwa ya Icek Ajzen, katika sura yake inayonukuliwa zaidi ya 1991, inasema nia hutokana na mambo matatu: mtazamo wa mtu juu ya tendo, anavyodhani watu wake wa karibu wanataka afanye, na anavyojiona ana uwezo wa kulitawala tendo hilo. Fundi ana mtazamo mzuri juu ya kuacha. Kuhusu watu wa karibu, amegawanyika: mkewe anataka aache, lakini kibandani wanne kati ya sita wanavuta, na sigara ndiyo ruhusa pekee ya kupumzika ambayo mwenye kazi haulizi maswali juu yake. Uwezo wa kujitawala ndio ulioporomoka.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliuita uwezo huo imani ya kujiweza, naye alionyesha tangu 1977 kwamba hujengwa kwa njia nne: kufaulu mwenyewe, kuona wanaofanana nawe wakifaulu, kutiwa moyo, na namna mtu anavyotafsiri hali ya mwili wake. Fundi ameshindwa mara tatu. Hamjui fundi mwenzake aliyeacha. Anayemtia moyo ni mkewe peke yake. Na arosto, yaani taabu ya mwili unapokosa nikotini, anaisoma kama dalili kwamba mwili wake hauwezi kuishi bila sigara. Hili la mwisho ndilo la kurekebisha kwanza, kwa sababu linarekebishika kwa maelezo tu. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20, na nusu yake huondoka mwilini kwa saa mbili hivi. Ndiyo maana hamu hurudi mara kwa mara mchana kutwa. Mtu akiacha, arosto hupanda hadi kilele ndani ya siku mbili au tatu za kwanza, kisha hushuka na kwa wengi hutulia ndani ya wiki mbili hadi nne. Fundi alipofika siku ya 11 alikuwa amekwisha kuvuka sehemu mbaya zaidi. Hakuna aliyemwambia.

Katika kupima uraibu wake kuna mtego ambao wahudumu wengi hawauoni. Kipimo cha Fagerström kina maswali sita na alama 10, na maswali mawili yenye uzito zaidi ni muda wa sigara ya kwanza baada ya kuamka na idadi ya vijiti kwa siku. Kwa mtu anayenunua kimoja kimoja, idadi hupimwa na mfuko, na muda wa sigara ya kwanza unaweza kuwa unapima saa ambayo kioski hufunguliwa. Ukimuuliza fundi juujuu atakuambia huvuta "nikifika kazini", na utaandika sifuri. Uliza hivi: je, jana usiku uliweka kijiti cha asubuhi? Hapo atakubali kwamba kila jioni hubakiza kimoja, na hukivuta nje ya mlango kabla dakika kumi hazijapita tangu aamke. Hizo ni alama mbili. Vijiti 14 ni alama moja; sigara ambayo ingemwia vigumu zaidi kuiacha ni ya asubuhi, alama moja nyingine; aliendelea kuvuta hata siku za mafua alizolala kitandani, alama moja. Jumla tano, uraibu wa wastani. Ukikosa swali la kijiti cha usiku, ungempa tatu na kumhesabu mwenye uraibu mdogo, kisha ukamwachia ushauri wa mdomo peke yake.

Modeli ya hatua za mabadiliko ya James Prochaska na Carlo DiClemente, iliyotoka 1983 kutokana na watu waliojiachisha sigara, ingemweka fundi katika hatua ya kutafakari: anakusudia kuacha ndani ya miezi sita, hajajiandaa kwa siku 30 zijazo. Tunaitumia kwa tahadhari. Robert West aliikosoa vikali mwaka 2005 kwa mipaka yake ya siku isiyo na msingi, na utafiti wake wa 2006 nchini Uingereza ulionyesha kwamba karibu nusu ya majaribio ya kuacha hayakupangwa hata siku moja kabla. Mhudumu anayemwambia mvutaji arudi atakapokuwa tayari anaweza kuwa amemkosa siku ileile aliyokuwa tayari.

Kijiti kimoja

Hapa nadharia na sera zinakutana, na hapa ndipo tunapoona kiini cha kisa chote.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza sigara kuuzwa kimoja kimoja. Kiwango cha chini ni pakiti ya vijiti 10. Hata hivyo uuzaji wa kijiti kimoja kimoja unaendelea mchana kweupe. Kijiti kimoja huondoa onyo, kama tulivyoona. Huondoa pia makali ya kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru ni shilingi 4,100 kwa kila vijiti 1,000, yaani shilingi 4.10 kwa kijiti, na katika nyongeza hiyo sigara za kichungi zilipanda kwa senti chache tu kwa kijiti. Mnunuzi wa pakiti huona bei ikisogea. Mnunuzi wa kijiti hulipa kwa sarafu za shilingi tano na kumi, kwa hiyo bei yake hukaa palepale muda mrefu kisha huruka kwa shilingi tano kwa mpigo. Nyongeza ndogo humpita bila kumgusa. Kwa mvutaji wa aina hii, nyongeza moja kubwa inayolazimisha mruko ina nguvu kuliko tatu ndogo.

Kisha kuna kiberiti kwenye uzi. Mtu asiye na sigara wala moto mfukoni ana nafasi ya kufikiri kati ya hamu na tendo. Kioski kinaifuta nafasi hiyo mara 14 kwa siku.

Kwa nini basi anatetea kijiti? Kwa sababu ndicho chombo chake cha kujizuia. "Nikinunua pakiti nitaimaliza," anasema, na huenda anasema kweli. Mtu anayejiona hana uwezo wa kujitawala hukabidhi utawala huo kwa kitu kilicho nje yake. Kwa fundi, kitu hicho ni sarafu na hatua chache za kwenda kioskini. Kumwambia kwamba kijiti ndicho kinachomfunga, bila kumpa kizuizi kingine, ni kumnyang'anya fimbo akiwa katikati ya mto. Pia anamfikiria mama wa kioski. Anaponunua kijiti hununua peremende ya kuondoa harufu, na asubuhi chai na mandazi. Mama mwenyewe anahofia kumpoteza mteja kuliko kupoteza faida ya sigara.

Kwa hiyo majibu manne ya fundi hayapingani. Marufuku ya ndani ya matatu anaiunga mkono kwa sababu inalinda wengine, inalingana na anavyoishi nyumbani kwake, na haimdai uwezo asiokuwa nao: safari ni fupi. Picha hazimgusi. Kodi inamgusa bila kumpa chochote, lakini ikifungwa kwenye dawa, anaiona kama mkono wa kumsaidia. Wanauchumi Jonathan Gruber na Botond Kőszegi walieleza mwaka 2001 namna mvutaji mwenye nia isiyotimia anavyoweza kufaidi kodi kama chombo cha kujidhibiti. Sharti analoweka fundi linaelekea hukohuko. Marufuku ya kijiti inamwondolea kizuizi pekee anachokijua. Imani juu ya madhara inaeleza vizuri kwa nini anakubali sera. Kwa nini anavuta, inaeleza kidogo sana. Kampeni inayohesabu mafanikio yake kwa asilimia ya watu "wanaojua tumbaku inaua" itavuna kura za kuunga mkono sheria na kukuta vijiti 14 vikiendelea kuvutwa.

Afanyiwe nini

Kwanza, siku ya kuacha ipangwe ndani ya wiki mbili, na isiwe wikendi ya malipo. Muguka isimamishwe kwa mwezi mzima, maana kwake viwili hivi huendana, na jaribio lake refu lilivunjikia hapo. Mipango iandikwe kwa mtindo wa "ikiwa hivi, basi vile", ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha faida yake katika maandishi yake ya 1999: mwenzangu akiwasha, nitakwenda kunoa diski, nikifika kituo cha matatu, nitatafuna chingamu. Maneno yawe yake.

Dawa ya kuziba pengo la nikotini iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kwa anayevuta zaidi ya vijiti 10 kwa siku, plasta ya nikotini ya miligramu 21 hubandikwa kila asubuhi mahali pakavu pasipo nywele, na sehemu hubadilishwa kila siku. Kwa fundi anayetoka jasho mbele ya moto, plasta hubanduka. Ibandikwe juu ya mkono upande wa nyuma au mgongoni, ikandamizwe kwa kiganja sekunde kumi. Chingamu ya nikotini, kwa kuwa sigara yake ya kwanza iko ndani ya dakika 30, ni ya miligramu 4. Wengi huitafuna kama chingamu ya kawaida, wakapata kwikwi na kiungulia, wakaitupa. Hutafunwa polepole hadi iwashe kama pilipili, kisha huegeshwa kati ya shavu na ufizi hadi muwasho uishe, halafu hurudiwa, kwa dakika 30 hivi. Asinywe chai, kahawa wala soda robo saa kabla yake wala ikiwa mdomoni. Kinywa chenye asidi hakinyonyi nikotini.

Kikwazo halisi ni namna ya kulipa. Sigara huja kwa shilingi 15, dawa huja kwa boksi. Mtu mwenye shilingi 210 za leo hana boksi la leo, hata kama kwa mwezi fedha ni zilezile au zaidi. Njia inayowezekana ni kuanza kuweka fedha za vijiti vinne kila siku, shilingi 60, kwa wiki mbili kabla ya siku ya kuacha, katika chama cha kibandani au kwenye simu: shilingi 840 za kuanzia. Wakiwa wawili watatu kibandani, bora zaidi, maana hapo fundi anapata mwenzake wa kumwona akifaulu, kama Bandura alivyotaka. Na hili ndilo dai la kisera linalotokana moja kwa moja na kisa: dawa itolewe kwa dozi za wiki katika vituo vya afya vya umma, na fedha zitoke katika tumbaku yenyewe.

Kwa mama wa kioski, ombi la kwanza ni dogo: aondoe kiberiti kwenye uzi, na pakiti isikae machoni. Usimamizi wa marufuku ya kijiti uelekezwe kwa leseni za wauzaji na kwa wasambazaji kabla ya kukamata kina mama wa vioski. Askari akianza na aliye dhaifu zaidi, fundi na wenzake wataiona sheria yote kama mtego, hata ile sehemu wanayoiunga mkono leo.

Matokeo yapimwe wiki ya nne. Kipimo cha hewa ya kaboni monoksaidi kinaweza kudanganya Kamukunji: makaa na jenereta hupandisha kiwango hata kwa asiyevuta. Gesi hiyo hupungua nusu kwa saa nne au tano, kwa hiyo apimwe asubuhi kabla ya kuingia kibandani, na aulizwe kama nyumbani walipikia jiko la makaa. Kipimo cha kotinini, yaani mabaki ya nikotini, kwenye mkojo hakifai akiwa bado kwenye plasta au chingamu, kwani kitaonyesha nikotini ya dawa.

Mwezi wa tatu aulizwe tena maswali yale manne, hata kama amerudia kuvuta. Baada ya Ayalandi kupiga marufuku uvutaji kazini na katika baa Machi 2004, wavutaji wenyewe walioiunga mkono marufuku kamili katika baa walipanda kutoka asilimia 13 hadi 46. Watu wengi hukubali sera baada ya kuishi nayo. Kwa fundi, jibu la kuangalia ni la swali la nne, na liangaliwe pamoja na idadi ya vijiti alivyonunua juma hilo.